Kwa anayeanza kusoma Piers Plowman na Pearl: tanguliza sikio

Ukijiunga na somo la ushairi wa dini wa Uingereza wa karne ya 14, maneno mawili utakutana nayo mapema: takriri ya sauti, yaani maneno ya mshororo kuanza na sauti moja, na istiara, yaani hadithi ambamo watu na vitu husimamia mawazo, kama dhambi kutembea kama mtu. Mara nyingi hufundishwa mbalimbali, la kwanza likiitwa ufundi, la pili likiitwa maana. Nimeishi na mashairi haya miaka mingi, nikiyasoma na kuyafundisha, na ninachokuomba ni kimoja: usiyatenganishe hayo mawili. Sauti ndiyo inayokuonyesha istiara imesimama wapi.

Sisi tuliolelewa na tenzi tumezoea kuhesabu mizani na kungoja kina mwishoni mwa kipande. Ukiingia kwa William Langland, mtunzi wa Piers Plowman, na mazoea hayo utadhani hana kanuni. Anazo. Mshororo wake una vipande viwili, ukwapi na utao, ila kinachohesabiwa ni mikazo, silabi ziwe nyingi au chache. Mikazo miwili huku, miwili kule, na kwa kawaida mitatu ya kwanza huanza na sauti moja. Angalia huu wa mwanzoni mwa Piers Plowman, msimulizi anapotafuta pa kujilaza kwenye vilima vya Malvern:

I was wery forwandred and wente me to reste (nilikuwa nimechoka kwa kutangatanga, nikaenda kupumzika)

Usome kwa sauti. Ipo w kwenye wery, ipo nyingine kwenye wente. Ile ya kati imo ndani ya forwandred, maana mkazo unaruka kiambishi na kutua kwenye mzizi. Anayewinda herufi kwa macho ataikosa, anayesikiliza ataipata bila kuambiwa. Reste imeachwa nje ya takriri, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo kabla hujafungua kamusi, soma ukurasa mzima kwa sauti huku ukigonga meza kwenye kila mkazo, hata kama nusu ya maneno huyajui. Maneno yaliyobeba mzigo yatajitokeza yenyewe.

Sasa istiara. Wanafunzi wengi hukimbilia kuchora jedwali: huyu maana yake ile, yule maana yake hii. Nakusihi usubiri. Nenda Passus ya 5 (passus ni sura ya shairi hili), dhambi saba zinapokuja kuungama. Ulafi yuko njiani kwenda kanisani. Beton, mama mpika pombe, anamsalimu, anamuuliza aendako, kisha anamwambia kwamba pombe nzuri ipo. Ulafi anataka kujua kama kuna viungo vikali. Vipo: pilipili manga, ratili ya kitunguu saumu, na mbegu za shamari kwa siku za mfungo. Anaingia. Na waliokaa ndani ni nani? Watte the warner, Tymme the tynkere, Hikke the hakeneyman: mtunza sungura, mziba masufuria, mkodisha farasi. Jina na kazi vimefungwa kwa sauti moja, mtu baada ya mtu, mpaka benchi linajaa. Ulafi anakaa katikati yao kama jirani wa siku zote. Anakunywa hadi anaanguka, analala Jumamosi na Jumapili mpaka jua linakuchwa, na akiamka neno lake la kwanza ni kuuliza bakuli la pombe liko wapi. Ukiandika kwamba Ulafi ni dhambi ya kula na kunywa kupita kiasi, hujakosea, ila Watte, Tymme na Hikke umewafukuza, na wao ndio wanaoonyesha dhambi hiyo inavyompata mtu: kwa salamu, kwa ukarimu, kwa marafiki.

Piers mwenyewe hakubali maana moja. Kwanza ni mkulima anayejua njia ya kwenda kwa Kweli. Baadaye Kristo anaingia Yerusalemu kupigana akiwa amevaa deraya ya Piers. Langland aliliandika upya shairi hili, na wasomi huyaita matoleo yake makuu A, B na C. Anza na B. Humo Piers anaichana hati ya msamaha kwa hasira, tukio ambalo C imeliondoa. Usimwamini mtu anayekueleza kuchanwa kwa hati hiyo kwa sentensi moja.

Pearl, yaani Lulu, ni kazi ya mshairi asiyejulikana jina, na imebaki katika hati moja tu, Cotton Nero A.x, iliyonusurika moto wa maktaba ya Cotton mwaka 1731. Hapa vina vipo pamoja na takriri, na neno la mwisho wa ubeti hurudi mwanzoni mwa unaofuata. Beti ni 101, mishororo 1212, na namba hiyo inaelekea kwenye milango 12 ya Yerusalemu ya mbinguni. Baba anamwona ng'ambo ya mto binti yake aliyekufa kabla hajafikisha miaka miwili, sasa ni malkia. Anauliza imewezekanaje, mtoto asiyejua hata Baba Yetu. Binti anamjibu kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Lulu ni binti, ni roho safi, ni ufalme wa Mathayo 13, na baba anayasikia yote hayo na bado anataka kuvuka. Ukifika hapo weka kalamu chini, usome tu.

Biblia iwe mezani muda wote. Na ukipewa uhuru wa kuchagua sehemu moja ya kuandikia insha, chagua Passus ya 18 ya toleo B. Mabinti wanne wa Mungu, Rehema, Kweli, Haki na Amani, wanatoka Zaburi 85 na kubishana juu ya wafu walioko kuzimu. Wanapatana, wanacheza hadi alfajiri, kengele za Pasaka zinalia, na msimulizi, ambaye yote haya ameyaota, anaamka akiwaita mkewe Kitte na bintiye Calote waende kuusujudia msalaba. Hatua tatu nne tu zinatenganisha istiara na nyumba ya mtu, na kila moja unaweza kuipigia mstari kwenye nakala yako.