Vifaa vya kuanzia kusuka vikapu nyumbani: mimi nanunua kwa wauza nyavu

Mdau ameuliza, ana laki moja, yuko hapa hapa Mwanza, anataka aanze kutengeneza vikapu na mapambo nyumbani, anunue vifaa gani, na kuna mtu kamshauri aagize boksi la mtandaoni lenye ile bunduki ya gundi ya moto.

Mkuu hilo boksi achana nalo. Ile gundi ikipigwa jua inalainika, mimi mpini uliwahi kuchomoka mteja akiwa kabeba nyanya, aisee nilirudisha hela na nyanya nikalipa. Mwaka wa nne sasa nasuka magugu maji, na vifaa vyangu karibu vyote nachukua kwa wauza nyavu kule Kirumba.

Cha kwanza kabisa ni uzi wa nailoni wa nyavu. Zimeandikwa 210 afu namba, mimi natumia 18 kushonea na 36 sehemu ya mpini, kadri namba inavyopanda ndo uzi unavyonenepa. Hauozi kwa maji, na ukikata choma ncha kidogo na kiberiti iyeyuke ijifunge isichambuke, ila chomea mbali na kikapu maana gugu kavu linashika moto kama karatasi, nilishaunguza sinia zima hivyo hivyo. Cha pili sindano ya gunia. Cha tatu ile sindano bapa ya wavuvi ya plastiki, unaviringishia uzi mita kadhaa humo humo ndani afu unazungushia kwenye kazi yako bila kuunga unga kila saa. Mkasi wowote unaokata. Na ndoo ya lita kumi, ndo kalibu yangu, naigeuza kichwa chini nazungushia msuko huku nashona, kikapu kinatoka duara safi.

Gugu lenyewe bure, lipo tele ziwani, ila usijitose kulichuma. Kichocho kipo huku kwetu, na kwenye yale majani nyoka wanajificha. Wape vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, chochote wakuletee, waambie unataka mabua marefu, yale mafupi yaliyofura kama puto hayafai kusuka.

Sasa hapa ndo wengi wanafeli, kukausha. Bua karibu lote ni maji, rundo la kujaza toroli likikauka unalibeba kwapani. Mimi naanika juu ya kichanja kama cha dagaa, upepo upite chini, wiki mbili, mvua ikianza kunusa tu naingiza ndani. Usidanganywe na ncha, ncha inakauka mapema, shika kule kwenye shina kunene ubonyeze, ukisikia ubaridi bado. Mwaka wangu wa kwanza nilikausha siku nne, nikasuka, nikapaka vanishi juu ikang'aa vizuri kabisa, kumbe nimefungia unyevu ndani, masika yalivyoingia vikapu sita vikaota ukungu mweusi kuanzia kitako, na vilikua oda ya harusi ya binamu yangu, mpaka leo shangazi ananikumbushia.

Likishakauka, kabla ya kusuka lipitishie kitambaa kibichi kidogo lilegee, ukisuka kavu kavu linakatika. Msuko wa mabua matatu matatu unatosha kwa kuanzia.

Mipini natoa kwenye mikanda ya ngozi ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, chagua ya ngozi kweli, ya plastiki inachanika kwenye tundu la sindano. Vitambaa vya ndani naomba vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani, wengi wanakupa tu.

Hapo laki haiishi. Na ukifika dukani usiseme unataka uzi wa vikapu, watakupa sufi. Sema uzi wa kushonea nyavu, namba 18.