Makopo yako yanalia "ta" kwa sababu umeyatundika kama ndoo

Ndugu mleta uzi, umeeleza vizuri. Umetengeneza kengele za upepo za makopo matano, kila moja umelitoboa matundu mawili karibu na mdomo, umepitisha kamba, umeyapanga mtini yakigongana yenyewe kwa yenyewe. Umeyapaka rangi na kubandika shanga kuzunguka mdomo. Yanapendeza, ila upepo ukija yanatoa "ta, ta" kama mtu anagonga ubao, na mvua mbili tu zimetosha kuyatia kutu. Unauliza kama ni aina ya kopo.

Si kopo. Mimi nilitundika hivyo hivyo mwaka mzima na nikabadilisha makopo ya kila aina bila kupata mlio. Kilichonifungua macho ni kifuniko cha sufuria kilichong'oka kishikio. Nilikipitisha uzi kwenye tundu la katikati ili nikianike, kikagusa bomba la maji, kikalia "ngiiing" mpaka nikasimama kusikiliza. Nikakishika ukingoni nikakigonga tena: kimya. Kifuniko kilekile.

Kitu kinapolia kinatetemeka, lakini hakitetemeki sawasawa mahali pote. Kuna sehemu inayochezacheza sana na kuna sehemu iliyotulia. Ukifunga kamba penye kutulia, sauti inabaki hai. Ukifunga penye kucheza, umeiua. Angalia kengele yoyote, ya mnarani au ile ndogo ya shingoni mwa mbuzi: inashikwa kichwani, inagongwa mdomoni. Wewe umeshika mdomo kwa kamba, halafu ukaubebesha na shanga.

Kwa hiyo lipindue. Kitako cha kopo kiwe kichwa, mdomo utazame chini. Hapo umetibu na kutu kwa nusu, maana maji hayatuami tena ndani.

Toboa tundu moja katikati ya kitako. Chomeka kwanza kipande cha mti ndani ya kopo kiguse kitako, kisha ndiyo upige msumari kwa nje. Bila huo mti bati linabonyea. Msumari huacha meno makali upande wa ndani, na meno hayo ndiyo yanayokata kamba usiku wa upepo, wala si uzito. Yapige bapa au yalainishe kwa tupa, halafu weka kifungo cha shati kuukuu ndani, chini ya fundo. Kifungo kinalizuia fundo lisichomoke na kinaikinga kamba isisuguane na bati. Mdomo wa kopo nao upitie kwa msasa kabla hujafanya lolote, maana vidole hukatwa hapo.

Ulimi, yaani kile kigongeo cha kengele, uning'inie ndani na ugonge karibu na mdomo, si juu kwenye kichwa. Hapa wengi hukosea kwa kamba fupi. Shanga kubwa ya mti hutoa sauti ya upole, nati ya chuma hutoa sauti kali inayochosha masikio mchana kutwa. Mimi napenda mti. Na ulimi hautikiswi na upepo peke yake: chini yake ning'iniza kipepeo, kitu bapa chepesi cha kukamata upepo, mfano kifuniko cha plastiki cha ndoo ndogo ya rangi. Bustani yako ikiwa na upepo hafifu, kipepeo kiwe kipana zaidi. Shanga zako nzuri zihamishie kwenye kamba hii, zitaonekana vilevile na hazitaziba kitu.

Nikuambie ukweli kuhusu makopo: hata ukiyafanyia yote haya, mlio wake ni mfupi. Bati ni jembamba na ubavuni kuna mshono. Ni sauti ya furaha, lakini haidumu. Ukitaka kitu kinachoimba, chukua vifuniko vya sufuria, uvitundike kwa tundu la katikati na uvigonge ukingoni. Au chungu cha maua cha udongo, kipinduliwe, kamba ipite kwenye tundu la kutolea maji. Kigonge kwanza kwa kifundo cha kidole. Kikitoa sauti butu kina ufa, kiache kipandwe maua.

Mabomba ndiyo mapenzi yangu. Fimbo ya pazia ya chuma iliyopinda au kipande cha bomba jembamba, chochote kilicho wazi ndani. Sehemu iliyotulia ya bomba haiko kwenye ncha, iko umbali wa takriban asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Bomba la sentimita 40 litoboe kwenye sentimita 9 kutoka juu na uligonge katikati. Jaribu kabla ya kutoboa: lishike hapo kwa vidole viwili, uligonge, kisha hamisha vidole taratibu mpaka usikie mlio ukirefuka. Masikio yatakuonyesha mahali. Ukitaka sauti tofauti kata urefu tofauti, ila usikate kwa kubahatisha: ukilifupisha la sentimita 40 hadi kama 28 sauti inapanda oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, na ukilikata nusu inapanda oktavu mbili. Tofauti ya sentimita mbili tatu kati ya bomba na bomba inatosha kabisa.

Vijiko vya stenlesi vinatoboka kwa taabu kwa sababu hiyo chuma huzidi kuwa ngumu keekee ikiisugua bila kuikata. Keekee izunguke polepole, utie tone la mafuta. Makopo ya dawa za kupuliza usiyaguse kwa msumari hata kama unaona yameisha. Ndani bado kuna mgandamizo. Chupa pia nimeacha, kwa sababu vigae vyake vikianguka kwenye majani havionekani mpaka mtu avikanyage peku.

Rangi iwe ya mwisho, koti moja jembamba nje, na uache mdomo. Rangi nene ni kama kuivalisha kengele blanketi. Ndani paka vanishi nyembamba, hasa pale ulipotoboa na kupiga msasa, kwa sababu kinga ya bati imeondoka hapo na kutu huanzia hapo hapo. Kamba ya pamba huoza, na nailoni nyembamba hukaushwa na jua mpaka ikatike. Tumia waya usioshika kutu kwa juu, na kamba nene kwa ulimi, uikague kila baada ya miezi michache.

Mtini usifunge waya moja kwa moja, tawi likinenepa waya unazama kwenye gome. Zungushia kwanza kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Na chagua tawi lililo mbali na dirisha la mtu anayelala, liwe lako au la jirani. Kipepeo ukikifunga kwa ndoano unaweza kukitoa usiku.

Hayo matano usiyatupe. Matundu ya mdomoni yaache wazi, toboa kitako cha moja leo, bandua shanga zake, ulilinganishe na manne yaliyobaki kabla hujaendelea na mengine.