Miti juu ya tuta la bwawa

Ndugu, umeuliza kama miti uliyopanda juu ya tuta itashika udongo. Itaushika, mpaka siku itakapokufa: mizizi ikioza huacha mashimo ndani ya tuta, na maji huyafuata. Midogo ing'oe sasa, upande nyasi. Mikubwa mhandisi aamue.

Ila kinachonitia wasiwasi ni ule unyevu chini ya tuta ulioutaja kwa kupitia tu. Maji kidogo yakiwa safi, yaangalie kila wiki. Yakianza kutoka na tope, au yakiongezeka ilhali bwawa halijapanda, udongo wa ndani unaliwa: punguza maji polepole siku hiyohiyo, waambie wanaoishi bondeni, mwite mhandisi.

Na njia ya maji ya ziada usiizibe kwa magunia ili bwawa lijae zaidi (wengi hufanya hivi!). Maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata haraka mno. Bwawa la Patel, Solai, Nakuru, lilikuwa la binafsi pia; lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, likaua zaidi ya watu 40. Kama uko Kenya, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji unacho?