Bisi za pinki kwa bethidei ya miaka 3

Unamwandalia binti yako wa miaka 3 bethidei ya mtindo wa binti mfalme na unajiuliza kama bisi za pinki zinafaa mezani? Hapana, usiziweke, hata zikipakwa pinki. Chini ya miaka 4 watoto bado hawatafuni sawasawa, na ganda la bisi huvutwa kirahisi kwenye njia ya hewa, hasa wakila huku wanacheka na kukimbia. Madaktari wa watoto huziweka kundi moja na karanga, pipi ngumu na zabibu nzima. Kwa hiyo kashata za karanga nazo ziache.

Badala yake, kata tikitimaji unene wa sentimita 1, toa mbegu, bonyeza kwa kikatio cha biskuti chenye umbo la taji. Pinki unaipata humo humo! Mtindi wa pinki: nusu lita kwa vijiko 2 vya chai vya maji ya bitiruti; rangi hiyo kwenye maandazi usiitie, moto huipausha. Zabibu pasua vipande 4 kwa urefu. Mishikaki itoe vijiti.

Ila kwa joto la Dar, matunda na mtindi vitoe kwenye friji watoto wakishaketi, visikae nje zaidi ya saa 1.