Kiungo kisimame chenyewe kabla ya gundi

Gari dogo la mfano, la plastiki, la kwanza nililolijenga lote kwa mkono, bila vipande vilivyotengenezwa tayari, lilikuwa la mashindano, na kazi yake kubwa ilikuwa kile kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva. Nilikiacha mezani usiku kimesimama wima. Asubuhi nikakuta nguzo moja imeinama, na kiungo chake kimevimba kama goti lililoteguka. Niliumia sana. Fito ya plastiki niliyoikata iwe nguzo ile ilikuwa fupi kidogo, nami nilikuwa nimeziba mwanya kwa gundi.

Gundi ya majimaji ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Yenyewe huyeyusha nyuso mbili zikashikana, kisha huruka hewani. Plastiki zikigusana barabara, tone dogo kwenye ncha ya brashi linatosha. Ufa hulinyonya wenyewe. Penye mwanya utaongeza tone, utaongeza tena, na plastiki iliyolainika itavutwa wakati inakauka. Ndiyo maana siku hizi sifungui chupa mpaka fito ikae mahali pake bila kushikwa.

Ili ikae, itengenezee ncha. Fito ya mviringo iliyokatwa wima, ukiiegemeza ubavuni mwa nyingine, inagusa sehemu ndogo mno. Chukua tupa ndogo ya mviringo yenye unene sawa na fito inayopokea, uipitishe kwenye ncha mara tatu nne, mpaka pachimbike kibonde kinachoikumbatia ile nyingine. Ziunganishe kavu, uzinyanyue mbele ya taa. Mwanga ukipenya, rudi kwenye tupa. Mwanzoni kata fito ndefu kwa milimita moja hivi, maana tupa inakula.

Unene nao usiukisie. Katika skeli ya 1:24, gawanya kipimo cha gari halisi kwa 24. Bomba la kizimba la milimita 44 linakuwa kama 1.8. Waya wa plagi wa milimita 8 unabaki 0.33, yaani uzi tu, na hapo ndipo magari mengi mazuri huharibika: injini imechongwa vizuri, halafu nyaya zake nene kama mipira ya maji.

Mrija wa plastiki usiukandamize kwa kisu, utabonyea. Uviringishe polepole chini ya makali hadi ukatike wenyewe. Ukitaka kuukunja kwa ajili ya ekzosi, ingiza kwanza waya laini wa lehemu ndani, ukunje, kisha uuache humo humo. Mirija mingi hutengenezwa kwa saizi zinazoingiana, kwa hiyo shokomzoba ni mrija mmoja ndani ya mwingine.

Springi yake ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Zungushia fito ya milimita 0.5 kwenye shina la biti ya kekee, funga ncha zote mbili zisifumuke, tumbukiza kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye maji baridi. Polistirini, yaani plastiki ya fito hizi, huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, basi maji ya moto yanaifikisha pale pale inapotakiwa. Mshumaa huipitisha mara moja, na fito inaning'inia kama tambi.

Kile kizimba nilikivunja, nikaanza upya. Safari hii nilitoboa vishimo kwenye sakafu ya gari, nikazisimamisha nguzo zote sita kavu, nikaweka na mabomba ya juu, nikakiacha hadi kesho yake. Hakuna kilichosogea. Ndipo nikapita na brashi, kiungo kimoja mbele kushoto, kinachofuata nyuma kulia, nikikingamisha hivyo hadi mwisho ili kisivutwe upande mmoja, na sikukigusa tena mpaka siku ya tatu nilipokipaka rangi.