Talaka bila kosa: ugomvi umehamia kwenye mafaili

Dada mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia kwamba mumewe amefungua maombi ya talaka mtandaoni, na katika karatasi zilizomfikia hakuna hata sentensi moja inayosema yeye amekosa nini. Anauliza mambo mawili: je, anaweza kukataa? Na hii ni haki kweli?

La kwanza jibu lake ni fupi. Hawezi. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, sheria ya England na Wales inamtaka mwombaji atoe tamko kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na mahakama inalichukua tamko hilo kuwa ushahidi kamili. Mjibu maombi anaweza kupinga kwa sababu chache mno, kwa mfano kwamba mahakama haina mamlaka juu ya shauri, au ndoa yenyewe haikuwa halali, au ilishavunjwa kisheria kwingine. "Bado nampenda" haimo. "Yeye ndiye mkosaji" nayo haimo.

La pili ndilo linalogombanisha watu kuanzia bungeni hadi barazani. Nitasema msimamo wangu mapema: sheria hii ya talaka bila kosa, yaani isiyodai kuthibitisha nani amekosa, ni nzuri, lakini wanaoitetea na wanaoipinga, wengi wao, wanagombania mlango wa kutokea wakati hasara iko ndani ya nyumba, kwenye pesa na watoto.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Chini ya sheria ya England ya 1973, asiyetaka kusubiri alikuwa na njia mbili: athibitishe ugoni, au aorodheshe tabia za mwenzake zinazofanya maisha ya pamoja yasivumilike. Kutelekezwa kulihitaji miaka 2, kutengana kwa makubaliano miaka 2, na kutengana bila mwenzako kukubali miaka 5. Matokeo yake wanasheria waligeuka mafundi wa kuandika lawama. Matukio matano au sita, kila moja na tarehe yake na maneno yaliyotamkwa, makali ya kumtosheleza jaji lakini yasiwe makali kiasi cha kumfanya mwenzako aamue kupigana. Watu waliokuwa wamekubaliana kuachana kwa amani walijikuta wanatumiana karatasi za kudhalilishana kwa sababu fomu ilidai hivyo.

Shauri la Owens ndilo lililoivua nguo sheria hiyo. Bi Tini Owens, aliyeolewa 1978, aliondoka nyumbani 2015 na kuorodhesha matukio 27 ya mumewe. Jaji aliona ni mambo mepesi mno. Rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Julai 2018 ilikubali kwa shingo upande kwamba sheria haimruhusu kuachika, na kwamba angojee hadi 2020 miaka 5 ya utengano itimie. Majaji walisema wazi kwamba kubadilisha sheria ni kazi ya Bunge. Bunge likabadilisha.

Marekani kichekesho kilikuwa kikubwa zaidi. New York, hadi nusu ya pili ya miaka ya 1960, ilitoa talaka kwa ugoni peke yake. Kwa hiyo watu walipanga ugoni: chumba cha hoteli, mwanamke wa kukodi, mpigapicha mlangoni. Wenye uwezo walikwenda Reno, Nevada, ambako tangu 1931 wiki 6 za ukaazi zilitosha. California ndiyo iliyofungua njia mpya. Gavana Ronald Reagan, ambaye mwenyewe alikuwa ameshapitia talaka, alitia saini sheria ya 1969 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. New York ilikuwa jimbo la mwisho kuweka njia ya bila kosa, mwaka 2010.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu tu, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya 1971, na msingi wake wa talaka ni huohuo: ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Tofauti ni kwamba kifungu cha 107 bado kinaielekeza mahakama kutazama ushahidi kama ugoni, ukatili, kutelekezwa, au utengano wa hiari wa miaka 3. Halafu kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ukienda mahakamani bila hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na huna sababu ya kusamehewa hatua hiyo, shauri linatupwa hata kama una ushahidi wa kujaza gunia.

Wanaopinga wana hoja, lakini dawa yao ni mbaya

Hoja yao kubwa ni kwamba aliyetunza ahadi anaachwa na aliyeivunja, na sheria haimuulizi mvunjaji hata swali moja. Ina uzito hiyo. Ndiyo iliyozaa ndoa ya agano huko Louisiana mwaka 1997, kisha Arizona 1998 na Arkansas 2001: wanandoa wanakubali tangu siku ya kwanza kwamba watapitia ushauri nasaha na kwamba kutoka kwao kutakuwa kugumu zaidi. Njia hiyo ipo hadi leo, na wanaoichagua ni wachache sana. Hata wanaosifu ndoa ngumu hawajiandikishi kwa wingi.

Dawa nyingine wanayoipendekeza ni kwamba talaka bila kosa itolewe tu pale wote wawili wanapokubali. Mississippi iko hivyo. Mwenzako asipokubali, itabidi utafute kosa na ulithibitishe. Sasa tazama kinachotokea mezani. Saini inageuka bidhaa. Anayetaka kutoka anainunua kwa kuachia nyumba, au kusamehe matunzo, au kukubali kuwaona watoto mara chache. Na anayeshikilia saini si lazima awe ndiye aliyeonewa. Mwenye pesa na subira ndiye anayeweza kungoja, hata kama ndiye aliyekuwa akipiga.

Wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers walilinganisha majimbo ya Marekani kabla na baada ya kuruhusu mmoja kuondoka peke yake. Katika utafiti wao uliochapishwa 2006 walikuta wanawake wanaojiua walipungua kwa asilimia 8 hadi 16, na ukatili wa nyumbani kwa karibu asilimia 30. Hayo si mabadiliko ya walioachika tu. Hata waliobaki ndani ya ndoa walitendewa vizuri zaidi pale mlango ulipokuwa wazi.

Je, sheria iliongeza talaka? Kwa muda, ndiyo. Wolfers mwenyewe alikuta kupanda kulikofifia ndani ya takriban miaka 10. Kiwango cha Marekani kilikuwa talaka 3.5 kwa kila watu 1,000 mwaka 1970, kikafika kilele cha 5.3 mwaka 1981, na 2022 kilikuwa 2.4. Tusidanganyane, sehemu ya kushuka huko ni kwa kuwa watu wanaofunga ndoa wamepungua. Lakini anayesema sheria ilifungua bomba lisilofungika ana kazi ya kueleza kwa nini maji yamepungua.

Wanaoipinga sheria hii wana takwimu nyingine mbovu pia. Mwaka 1985 mtafiti Lenore Weitzman alitangaza kwamba baada ya talaka hali ya maisha ya wanawake inashuka kwa asilimia 73 na ya wanaume inapanda kwa asilimia 42. Namba hiyo ilizunguka magazetini na mahakamani. Mwaka 1996 mtafiti mwingine, Richard Peterson, alichukua data zilezile, akapiga hesabu upya, akapata kushuka kwa asilimia 27 na kupanda kwa asilimia 10. Hata hivyo asilimia 27 ni njaa, na hapo ndipo ninapotaka macho yenu yawe. Kosa halitafutwi tena mlangoni, kwa hiyo kila kitu kinaamuliwa kwenye mafaili ya mali, na anayeendelea kulia "lakini yeye ndiye aliyenisaliti" anakuta mwenzake ameshapanga karatasi zake.

Kwa dada aliyeandika, na walio kama yeye

Usipoteze pauni zako kupinga talaka yenyewe. Jibu fomu ya kukiri kupokea maombi ndani ya siku 14. Kunyamaza hakuizuii. Kunampa mwenzako sababu ya kuomba mahakama iendelee bila wewe, na wewe unabaki unasikia habari za shauri lako kwa watu.

Hesabu ya siku huko England iko hivi. Wiki 20 kutoka mahakama ilipoyatoa maombi, kisha mwombaji anaomba amri ya masharti, maana yake mahakama haioni kizuizi. Baada ya amri hiyo kutoka, wiki 6 na siku 1, ndipo amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa, inaweza kuombwa. Jumla si chini ya miezi 6, na ndoa lazima iwe imetimiza mwaka 1 kabla ya kuanza. Maombi hukwama kwa mambo madogo kabisa: jina kwenye maombi halilingani na la kwenye cheti cha ndoa na hakuna maelezo, picha ya cheti imekatwa pembeni, au cheti kimeandikwa kwa Kiswahili tu na hakikuambatanishwa na tafsiri iliyothibitishwa. Wiki 20 haziharakishwi na mtu yeyote, basi zitumie kukusanya karatasi.

Karatasi zenyewe ni hizi: taarifa za benki za miezi 12 kwa kila akaunti, hata ile yenye pauni nne, hati za mishahara, makadirio ya nyumba na salio la mkopo wake, madeni yote, na thamani ya pensheni. Pensheni iombe mapema, kwa sababu mfuko wa pensheni unaweza kuchukua wiki nyingi kujibu. Na ndiyo watu huisahau. Wanapigania sofa na gari ilhali pensheni ya miaka 20 kazini huenda inazidi thamani ya kila kilichomo ndani ya nyumba.

Kosa baya kuliko yote ni kudhani amri ya mwisho imemaliza mambo ya pesa. Haijamaliza. Bila amri ya mahakama kuhusu fedha, mlango wa madai unabaki wazi. Wyatt na Vince waliachana 1992 wakiwa hawana kitu. Mume akaja kutajirika kwa umeme wa upepo, mke akafungua madai 2011, na Mahakama ya Juu 2015 ikasema madai yaendelee. Hivyo hata kama hamna chochote cha kugawana, mkikubaliana, ombeni amri ya maridhiano inayofunga madai ya pande zote mbili. Mahakama inaweza kuiidhinisha kuanzia amri ya masharti inapotoka, nayo inaanza kufanya kazi baada ya amri ya mwisho.

Na usiolewe tena, wala kuoa tena, kabla ya kuwasilisha madai yako ya fedha. Ukifunga ndoa mpya ukiwa hujadai, unapoteza haki ya kudai mgao wa nyumba na matunzo yako mwenyewe. Sheria hii imewaumiza watu waliodhani wanaanza maisha upya kwa usafi.

Swali la kuharakisha au kuchelewesha amri ya mwisho lina jibu la kawaida: iwe baada ya mambo ya pesa. Mwenzako akifariki katikati, mjane ana haki kwenye pensheni ambazo mtalaka hana. Ukiwa mjibu maombi na mwombaji amegoma kumalizia, unaweza kuiomba wewe baada ya miezi 3 kupita tangu siku ya kwanza ambayo yeye angeweza kuiomba.

Walio Marekani

Kila jimbo lina sheria yake, nitachukua California kwa sababu ndiyo mama wa yote. Mmoja wenu awe amekaa jimboni miezi 6 na kaunti husika miezi 3. Fomu ya maombi ni FL-100 na wito ni FL-110. Nyaraka hazifikishwi na wewe mwenyewe. Ziwasilishwe na mtu mwingine wa miaka 18 au zaidi, kisha ajaze FL-115 kuthibitisha kwamba amezifikisha. Mjibu maombi ana siku 30. Miezi 6 ya kungoja inahesabiwa tangu nyaraka zilipomfikia mwenzako au alipojitokeza mahakamani, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu kwa kuanzia siku ya kufungua. Kosa la pili ni kudhani miezi 6 ikiisha talaka inajitoa yenyewe. Bila hukumu iliyosainiwa, bado mna ndoa.

Taarifa ya awali ya mali na madeni hutolewa ndani ya siku 60 tangu kufungua maombi. Itoe yote. Mwaka 1996 mwanamke mmoja wa California alishinda mgao wa dola milioni 1.3 kwenye bahati nasibu, akakaa kimya, akafungua talaka siku chache baadaye. Siri ilitoka pale barua ya kampuni inayowalipa washindi fedha zao kwa mkupuo ilipofika nyumbani kwa mume wa zamani. Mahakama ilimpa mume zote, na rufaa ya 2001 ikaacha hivyo. Hili ni shauri la Rossi, na huwa nawakumbusha wanaodhani bila kosa maana yake hakuna adhabu. Usaliti wa kitandani hautahesabiwa kwenye mgawanyo, lakini usaliti wa daftari utahesabiwa hadi senti ya mwisho.

Jambo la mwisho ni fomu ya mnufaika kwenye bima na pensheni ya mwajiri. Shauri likiwa linaendelea California, amri iliyochapishwa kwenye wito inakukataza kuibadilisha bila ruhusa. Hukumu ikitoka, ibadilishe siku hiyohiyo. Katika shauri la Egelhoff la 2001, mume alifariki muda mfupi baada ya talaka bila kubadilisha fomu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mtalaka aliyeandikwa ndiye anayelipwa, hata kama sheria ya jimbo inasema vingine. Fomu hiyo iko ofisi ya utumishi kazini kwako, na huhitaji mwanasheria kuijaza.