Nimepata cheti cha skuba safari ya pili, ya kwanza niliipanga kichwa chini miguu juu

Wiki iliyopita kadi yangu ya Open Water, kile cheti cha kwanza cha kupiga mbizi na mtungi wa hewa, imeingia kwenye simu, na nakiri niliifungua kama mara kumi siku hiyo hiyo. Ruhusa ya kushuka mpaka mita 18, jina langu, picha yangu na nywele zimelowa. Wengine wanaipata kwa siku tatu nne tu, mimi imenichukua safari mbili na miaka miwili, na hiyo miaka miwili sikupotezewa na bahari. Nilijipotezea mwenyewe kwenye kalenda.

Safari ya kwanza nilikuwa na siku saba. Nikajiambia nitembee kwanza, nipumzike, halafu kozi niiweke siku tatu za mwisho nimalizie kwa kishindo. Najua na wewe ndivyo unavyowaza, maana karibu kila ninayeongea naye ana plani hiyo hiyo. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kozi nikapewa fomu ya afya na kalamu iliyofungwa kamba. Maswali ni ya ndiyo na hapana. Nikafika kwenye swali la masikio, umewahi kuugua au kufanyiwa upasuaji, na mimi nilipasuliwa sikio la kushoto nikiwa na miaka tisa, nikaweka ndiyo. Dada wa mapokezi akaisoma, akanirudishia taratibu, akaniambia pole, hapa lazima daktari asaini ndo uingie majini. Wenzangu wawili walikuwa tayari wanajaribisha mapezi. Siku nzima nikaimaliza kutafuta daktari, sahihi nimeipata jioni, na daktari mwenyewe alinitazama sikio dakika mbili tu akasema liko salama.

Fomu hiyo ipo kwenye mtandao jamani. Ningeijaza nyumbani mwezi mmoja kabla, stori ingeishia hapo.

Siku ya pili tukabanwa, nadharia asubuhi, bwawa mchana mpaka giza, na mi mafua ya kwenye ndege yalishaanza kunikamata nikanyamaza. Siku ya tatu ndo baharini. Kufika kama mita tatu sikio likaanza kuuma kama linachomwa sindano, nikamwonyesha mkufunzi ishara ya tatizo, akanipandisha kidogo, tukashuka tena, likauma zaidi. Kule juu akaniambia, "Muda hatuna, ukishindwa sasa ndo basi." Hiyo sentensi bado ninayo. Sikuwa nimeshindwa, nilikuwa na mafua! Lakini hata sikio lingekubali nisingemaliza, kwa sababu ndege yangu ilikuwa alfajiri inayofuata na ukishapiga mbizi zaidi ya mara moja unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi wanapendekeza 24. Ile naitrojeni iliyoingia mwilini chini kule inahitaji muda wa kutoka taratibu, ukipanda angani mapema inaweza kutengeneza mapovu mwilini na hayo yanaumiza watu vibaya. Kwa hiyo tangu nakata tiketi nilikuwa nimeshafeli, na hakuna aliyeniambia. Nikarudi na sifuri kati ya mbizi nne. Wenzangu wakapost kadi zao, nikalike, nikazima simu.

Safari hii nimegeuza kila kitu. Nadharia nimesoma nyumbani usiku usiku, mazoezi ya bwawa nikayafanya karibu na kwangu wikiendi mbili (pamoja na kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, usiende kujaribu hayo kwa mara ya kwanza ukiwa safarini), wakanipa barua ya rufaa, yaani ya kukuruhusu umalizie kozi kituo kingine, ambayo kwa PADI (shirika la mafunzo ya kupiga mbizi) inadumu miezi 12. Nilikofika zikabaki mbizi nne tu, siku mbili. Nikaziweka mwanzo wa safari, nikaacha siku mbili tupu nyuma yake kwa ajili ya mafua, upepo, lolote lile, na siku ya mwisho kabisa sikugusa maji.

Na niliuliza kabla ya kulipa: tutakuwa wangapi kwa mkufunzi mmoja? Kanuni ya PADI ya Open Water baharini inaruhusu mpaka wanane, mi nikatafuta sehemu ya wanne. Ulizeni hilo swali. Watu wanakimbilia Koh Tao kule Thailand au Dahab kule Misri kwa sababu vituo ni vingi, sawa, ila wingi wa vituo haukuhakikishii mkufunzi mwenye subira.

Kushuka kwenyewe nilishuka kwa kamba ya boya, mkono baada ya mkono. Kila nusu mita nabana pua napuliza kidogo, nasubiri ile "tik" ndani ya sikio, ndo nashuka tena. Mita za mwanzo ndizo ngumu, kwa sababu ukifika mita 10 tu mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya ule wa juu, hewa iliyoko sikioni inabanwa haraka kuliko itakavyobanwa huko chini. Mkufunzi alikaa usawa wa uso wangu muda wote, hakunionyesha saa hata mara moja. Sikio la kushoto lilichelewa kila mara, nikalisubiri. Mchanga ulipogusa magoti nililia ndani ya miwani, na huwezi kujifuta.

Kwa hiyo msikilize anayekwambia: fomu kwanza, tiketi baadaye. Kozi mwanzo, matembezi baadaye. Acha siku za ziada, acha siku za ziada, hata ukiona ni kupoteza hela. Soma bima yako kama inataja kupiga mbizi na mpaka mita ngapi, kwa sababu nyingi za kawaida haziligusi kabisa. Na ukiwa na mafua sema, usinyamaze kama mimi, hakuna kadi yenye thamani ya ngoma ya sikio.

Kadi inayofuata, Advanced, naitaka mwakani, ile ya mita 30. Tiketi bado sijakata. Jumatatu nina miadi na daktari, fomu nimeshaiprinti.